Kodi ya Nyumba Nisimolala

Nina nyumba mbili, na kwa miaka mingi nimelala kwa watu. Nikimwambia mtu hivyo ananitazama vibaya, anadhani najigamba au nimerukwa na akili. Mwenye nyumba mbili hapangi chumba, atasema. Basi mimi nimepanga. Nimepanga nyuma ya karakana ya mbao, nimepanga kwa karani mstaafu, nimepanga kwa mama mmoja pale juu ya soko la Lushoto. Huko kote nililipa pango la chumba, na kodi ya majengo yao nikakatwa mimi, na kodi ya majengo yangu mawili nikakatwa mimi pia. Serikali sina ugomvi nayo sana. Ugomvi wangu ni na watu, na hapa nitawataja. Majina siyaandiki, ila wenyewe wakisoma watajijua, na jirani zao watawajua kabla yao.

Nyumba ya kwanza iko mlimani, juu ya mji, njia ya kupandia msituni. Marehemu mume wangu aliijenga kwa viazi na kabichi. Juu yetu alikuja mtu wa gesti, akachonga mlima apate uwanja wa magari ya wageni wake. Mume wangu alimfuata mwenyewe, akamwambia, "Mzee, huo udongo ukinyeshewa utakuja kwetu." Akajibiwa kwamba kibali kipo. Kibali alikitoa mwenyekiti wetu wa wakati ule, na mwenyekiti naye alipewa nini, Mungu anajua na mimi nahisi. Masika hayo udongo ulikuja. Ulichukua jiko, ukachukua chumba cha nyuma, ukamchukua na mume wangu aliyekuwa ameingia jikoni kumfungua mbuzi. Mimi nilikuwa barazani. Ndiyo maana niko.

Kilichobaki ni sebule, ukuta wenye ufa wa kuingiza mkono, na mita ya umeme. Walikuja watu wa halmashauri wakatazama, wakasema hapa pasikaliwe tena. Sawa, sikukaa. Lakini haukupita muda mtu wa gesti akaanza kutuma wajumbe. "Mama, nyumba yenyewe imeshakufa, unang'ang'ania nini? Si uuze tu kiwanja?" Nikaona hapo hapo. Wanataka nionekane nimepaacha. Nikaapa mita ile haitakaa na deni la kodi linalonishinda, ili siku mtu akisema hili ni gofu lisilo mwenyewe, nimwonyeshe mwenyewe yuko.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Siku hizi kodi ya jengo haina mtu wa kuja kugonga mlango. Imo ndani ya umeme. Ukinunua luku mara ya kwanza katika mwezi, inakatwa humo humo, unapewa uniti pungufu. Mita isiponunuliwa, deni linalala pale, mwezi juu ya mwezi, na siku utakayonunua linakatwa lote pamoja. Anayekatwa ni anayenunua. Mita haiulizi wewe ni nani. Wenye elimu wanasema mpangaji amdai mwenye nyumba amrudishie. Jaribu wewe. Mimi nilimdai yule karani mstaafu, mtu wa tai na msikitini safu ya mbele, akaniambia, "Mama, umeme unautumia wewe, mimi natumia taa yako?" Mwezi uliofuata akapandisha pango.

Kwa yule mama wa juu ya soko tulikuwa wapangaji wanne, mita moja. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu, mimi niliyeishia darasa la tano. Tulikuwa tunachanga kwa zamu, leo ananunua huyu, zikiisha ananunua yule. Sasa, anayenunua wa kwanza mwezi ukiingia ndiye anayekula kodi ya jengo lote. Basi mwezi ukikaribia kwisha, nyumba nzima inageuka ya watu wema. Huyu hapigi pasi, yule anachemsha maji kwa mkaa, kijana wa redio kimya. Kila mtu anazivuta uniti zifike tarehe mbili, tarehe tatu, ziishie mikononi mwa mwenzake. Na zikiisha tarehe moja, tunakaa gizani wote wanne, kila mtu na mshumaa wake, tunasalimiana ukumbini.

"Jirani, umeme vipi?"

"Sijui, labda wamekata mji mzima."

Na taa za mji mzima tunaziona dirishani.

Mwenye nyumba alikuwa na mita yake peke yake upande wa pili. Anatusikia, anacheka. Ile kodi ilikuwa yake kwa haki, lakini sisi tulikuwa tunafichana sisi kwa sisi. Nilijifunza kitu kimoja ambacho sikujua kama kingenifaa. Ukinunua luku baada ya tarehe moja, na uniti zikaja kamili, bila kukatwa kitu, maana yake yuko mtu amekutangulia.

Nyumba ya pili iko Mombo, kule chini kwenye joto. Hiyo ni ya mama yangu. Mama aliuza matunda, mapeasi na maplamu ya huku juu, akiyainua kwenye beseni mpaka madirishani mwa mabasi. Shingo yake ilipinda kwa kuinua beseni. Nyumba ile ni shingo yake. Kaka yangu, mkubwa wangu, ndiye aliyepewa shamba la baba, lile lenye maji. Aliliuza. Akanunua pikipiki, pikipiki ikafia Korogwe, na pesa nyingine ikafia pengine ambako sipataji kwa heshima ya wifi yangu. Mama alipoona miguu inakataa, alituita sote wawili, akamwita na shoga yake waliyeuza naye matunda, akasema, "Shamba mmeona lilikokwenda. Nyumba hii ni ya binti." Kaka akajibu, "Sawa, mama." Nilimsikia. Hata hiyo sauti yake ninayo masikioni.

Mama alipofariki nyumba ikafungwa. Mimi sikuhamia, maana biashara yangu ya mboga iko Lushoto, na Mombo siiwezi, usiku unalala kama mtu aliyefunikwa sufuria. Ufunguo ukabaki kwa kaka kwa sababu anakaa kule kule. Tukapatana yeye afagie, mimi nilipe kodi ya jengo. Sisi wa mlimani tunalipa mambo kwa msimu. Viazi vikiuzwa, naenda kwa wakala, nanunua luku ya Mombo, deni la miezi yote linakatwa, uniti zinazobaki namtumia kaka zile namba ishirini za risiti aziingize kwenye mita.

"Nitumie mapema, mdogo wangu," alikuwa anasema. "Mita isiyoingizwa umeme inakufa."

Nilimshukuru. Nilisema, kaka amebadilika.

Msimu huo viazi vilikuwa na bei, nikaenda kwa wakala wangu pale karibu na stendi, binti mwenye mdomo. Mita zangu amezipa majina.

"Shikamoo, mama. Tunanunua ya wapi leo, ya gofu au ya joto?"

"Marahaba. Zote mbili, na gofu ni nyumba ya baba yako."

Akacheka. Ya mlimani ikakatwa madeni yake kama kawaida, zikabaki uniti za kuwasha njiti. Akaweka ya Mombo. Akatazama simu, akanigeuzia.

"Hii imekuja yote, mama."

"Yote vipi?"

"Haikukatwa kitu."

"Umekosea namba."

"Nimekosea? Hebu soma mwenyewe."

Nikasoma tarakimu moja moja. Ilikuwa ni yenyewe. Nikamwuliza lile deni la tangu msimu uliopita limekwenda wapi. Akasema deni hakuna, na ya mwezi huu imeshakatwa.

"Imekatwa kwa nani?"

"Mimi nitajuaje? Labda malaika kakulipia."

"Malaika hawanunui umeme, mwanangu."

Kwanza nilimshuku yeye. Nilisema huyu binti anacheza na simu yake, hajanunua kitu, ananionyesha anachotaka. Nikaenda kwa wakala mwingine upande wa sokoni, ambaye hanijui, nikanunua kidogo kabisa kwa namba ile ile. Zikaja kamili. Nikakaa kwenye gunia la karoti la mtu. Mwenye gunia akaniuliza kama naumwa. Sikuumwa. Nilikuwa nahesabu. Nyumba iliyofungwa haimalizi umeme. Nyumba iliyofungwa haina mtu wa kununua luku kila mwezi. Kuna mtu anawasha taa kwa mama yangu.

Jioni ile ile simu ya kaka ikaita. Sasa niambieni, alijuaje?

"Mdogo wangu, nasikia viazi vimekaa vizuri huko."

"Shikamoo, kaka. Vimekaa."

"Marahaba. Mbona hujanitumia namba?"

"Mtandao unasumbua."

"Basi ukitulia. Mita isije ikafa."

Namba zilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo niliyoishika sikioni. Sikumtumia. Nilimwuliza tu, "Nyumba umeifagia?" Akasema ameifagia juzi, popo wameingia darini, akaguna kama mtu aliyechoka na popo. Mwizi mwingine angesema ndiyo akanyamaza. Yeye aliongeza popo. Hapo nikajua.

Na matatizo hayaji peke yake. Wiki hiyo yule mama wa juu ya soko akaja mlangoni kwangu ameshika kiuno. "Mpangaji wangu, chumba nakihitaji. Mwanangu anaoa." Nikamwambia hongera. Ndani ya roho nikasema, mwanao anaoa tangu mpangaji aliyenitangulia, na hajawahi kununua hata kitanda. Alitaka kupandisha bei kwa mgeni. Lakini chumba ni chake. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nilitazama vyombo vyangu, nikaona nimechoka kuvibeba. Sikuwa tena na nguvu ya kutafuta mlango mwingine wa mtu mwingine na mita nyingine. Nyumba ya mama ilikuwa ndiyo pekee yenye paa zima ninayoweza kuiita yangu, na yuko mtu ndani yake. Nikiipoteza hiyo, nitakuwa mpangaji mpaka nazikwa.

Niliteremka Mombo siku isiyo ya soko, asubuhi, bila kumwambia mtu. Sikupita kwa kaka. Nilizunguka nyuma, njia ya kisimani, kama mwizi, nami naenda kwangu mwenyewe. Kwanza niliona pazia. Pazia la maua mekundu, na mama hakuwahi kupenda mekundu. Kisha nguo kwenye kamba. Kisha nikasikia cherehani ya umeme inakwenda ndani, inakimbia, inasimama, inakimbia. Kila ikikimbia nasikia uniti zangu zinakwenda.

Nikapiga hodi kwenye mlango wangu.

Akatoka msichana, ana futi shingoni na pini mdomoni. Akazitoa pini. "Shikamoo, mama. Karibu, unashona au unachukua?"

Nikamwangalia juu mpaka chini. Mzuri, mweupe wa uso, kucha za rangi. Nikasema, hapa ndipo pesa ya shamba ilipofia. Huyu ni mke mdogo wa kaka.

"Marahaba. Wewe ni nani wa hapa?"

"Mimi mpangaji, mama."

"Mpangaji wa nani?"

"Wa baba mwenye nyumba. Yule mrefu wa kule stesheni."

"Na huyo baba analala hapa mara ngapi?"

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Yule? Mama, yule akija hapa anakuja na mkono tu. Hata maji hanywi, anaogopa nitamdai bei ya glasi."

Ningependa kuandika kwamba nilimwamini. Sikumwamini. Niliingia, nikaangalia kama kuna viatu vya kiume, nikaangalia hata nyuma ya mlango. Sebuleni kwa mama pamejaa vitambaa na mashati ya shule. Chumba cha mama kimefungwa kwa kufuli jipya. Msichana akasema hicho hajapewa, ameambiwa kina vitu vya marehemu na kina mzimu. Mama yangu, mzimu! Aliyekuwa akiogopa hata paka.

Tukakaa. Akanimiminia chai, nami nikamwacha anywe kwanza. Akaanza kulalamika mwenyewe, bila kumwuliza, kama wapangaji wote wanavyolalamika wakipata sikio. Amelipa pango la miezi sita mbele. Alipoingia alikuta mita ina umeme mwingi, na baba mwenye nyumba akamlipisha umeme huo wote, akisema amemwekea kwa wema wake. Ulipoisha, akanunua luku kwa mara ya kwanza, akakatwa madeni ya miezi ya nyuma ambayo hakuwepo.

"Nikamwuliza. Akaniambia Mombo ndiyo kawaida."

"Na sasa?"

"Sasa kila tarehe za mwanzo nakatwa mimi. Kodi ya jengo naila mimi, na mwenye jengo ananitazama. Nilimdai, mama. Unajua alinijibu nini? Eti umeme unautumia wewe, mimi natumia taa yako?"

Chai ilinipalia. Maneno yale yale ya karani mstaafu, herufi kwa herufi. Sijui wenye nyumba wanafundishwa wapi. Na uchungu wangu ulipanda mara mbili, kwa sababu jengo lile ni langu. Huyu msichana alikuwa amenilipia mimi kodi miezi yote ile, na mimi huko juu nalaani wenye nyumba wanaowalisha wapangaji kodi zao. Kaka alikuwa amenifanya mwenye nyumba wa aina ile ile, bila hata kunigawia pango.

Nikamwambia mimi ni nani. Akaacha kikombe.

"Lakini baba alisema dada yake..."

"Alisema nini? Nimekufa?"

"Hapana. Ameolewa mbali, Zirai."

Nilitoka nje kupunga upepo. Kwa jirani alikuwa ameketi shoga yake mama, yule aliyekuwepo siku ya wosia, anapanga machungwa yake mafungu mafungu. Sasa ni mzee, haoni vizuri, lakini aliijua sauti yangu, akanisalimu kwa Kisambaa.

"Onga mahundo, mwanangu. Huyo mume wa Zirai hajambo?"

"Shikamoo, mama. Mume gani?"

"Kaka yako ametuambia. Ana iliki nyingi, ana ng'ombe, amekukataza kuja huku. Tukasema, basi, mtoto amepumzika, nyumba ya nini tena."

"Mama, mimi nimepanga chumba Lushoto juu ya soko. Iliki naiona kwenye pilau ya harusi za watu."

Yule mzee aliweka chungwa chini. Akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana hakutaka nikutumie salamu." Kisha akajifunga khanga yake vizuri, akasogeza kigoda chake mpaka barazani kwangu, akakaa. "Mwite," akasema. "Mwite aje nikiwa hapa."

Hapakuwa na haja ya kumwita. Mombo haina siri. Kaka alikuja anatembea haraka, kofia mkononi, jasho. Nikasimama, na mdomo wangu ukatoka, "Shikamoo, kaka." Ndivyo tulivyolelewa. Hata akiwa amekuibia, mkubwa ni mkubwa. Akaitikia marahaba kwa raha zote, kama mtu aliyelipwa deni.

"Mdogo wangu, ungesema unakuja tungechinja kuku."

"Popo wako wapi?"

"Popo gani?"

"Wa darini."

Msichana alicheka ndani. Kaka akamtazama kwa jicho, kisha akaona nani amekaa kwenye kigoda. Akabadilisha sauti. Akaanza habari za dini. Mwanamume hisa mbili, mwanamke moja, nyumba ya mama ni yetu sote, na yeye kaiwekea mpangaji ili isibomoke, na pango analiweka akiba kwa ajili yangu. Ananitunzia.

"Akiba iko wapi?" nikauliza.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Mambo ya pesa hatuongei mbele ya watu."

Yule mzee akasema pale alipo, bila kugeuza kichwa, "Na shamba la baba yenu lenye maji, uliligawa hisa ngapi?"

Nikamwambia kaka afungue chumba cha mama. Akasema ufunguo umepotea. Nikaingia ndani, nikachukua nyundo ya msichana ya kugongea vifungo, ndogo, haikufaa kitu, nikatoka nikachukua jiwe la kusagia la mama lililokuwa limegemea ukuta miaka yote hiyo. Pigo la kwanza kufuli likalia. La pili likaachia. Ndani hapakuwa na mzimu. Palikuwa na kitanda cha mama, beseni lake, na magunia ya mkaa. Mkaa wa kaka, wa kuuza. Kitanda cha marehemu kimegeuzwa chaga ya mkaa.

Sikulia. Nilitoa magunia yake moja moja mpaka barabarani, na yule msichana akanishika upande wa pili bila kuombwa. Kaka alisimama anasema, "Mnanichafua jina, mnanichafua jina," huku watu wamejaa. Nilipomaliza nikaenda kwenye ile rimoti ya luku ukutani, nikatoa simu, nikaingiza zile namba ishirini mwenyewe. Ilikubali. Nilimgeukia kaka nikamwambia, "Mita haijafa."

Tulifika kwa mtendaji wa kata, kwa sababu kaka hakutaka kushindwa barazani. Mimi nilipeleka jumbe zangu za luku za miaka yote. Kaka alipeleka mdomo. Yule mtendaji, kijana mpole, alisikiliza, akamsikiliza na shoga yake mama kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo halikunifurahisha. "Mama, kulipa kodi ya jengo hakumpi mtu jengo. Hata mpangaji analipa. Kinachokusaidia hapa ni huyu shahidi." Akaandika kwamba mimi nikae kwenye nyumba, na mwenye malalamiko aende kwenye baraza la ardhi huko mbele. Kaka mpaka leo hajaenda. Lakini ile sentensi ya mtendaji sisi wawili tuliibeba kila mtu kwa mkono wake. Mimi niliibeba kwa shaka. Yeye, kumbe, aliisikia nusu.

Nilihamisha vyombo vyangu kutoka Lushoto kabla mwezi haujaisha. Yule mama wa juu ya soko alinisindikiza mpaka barabarani anasikitika, na chumba tayari kilikuwa na mgeni, na mgeni hakuwa mkwe. Msichana wa cherehani nilimwacha amalize miezi yake aliyolipa. Nilimwambia pango likija tena atanipa mimi, na tukikosana tukosane mimi na yeye. Mimi nalala chumba cha mama. Nimekifua kwa sabuni, lakini vumbi la mkaa bado linatoka nyufani, na joto ni lile lile la sufuria. Mboga nanunua juu nauza huku chini.

Mwezi ulipogeuka, uniti ziliisha jioni ya tarehe moja. Nikaona msichana anawasha mshumaa, anashona kwa mkono, ananiangalia kwa pembeni. Niliujua mchezo. Nilivaa kandambili nikaenda kwa wakala.

"Mama, ungesema ningenunua," akasema niliporudi.

"Uongo. Ulikuwa unanisubiri. Ya jengo ni yangu, wewe lipa ya cherehani yako."

Nikamsomea ujumbe, nimekatwa. Sijawahi kufurahia kukatwa namna ile.

Mwezi wa pili yake nilichelewa, nilikuwa juu Lushoto kuchukua kabichi, nikanunua tarehe tatu. Uniti zikaja kamili. Nilimwuliza msichana kama amenunua. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hajanunua, na mita haikuwa imeongezwa kitu, niliangalia mwenyewe. Basi yuko mtu aliyenunua namba na kukaa nazo mfukoni, hana shida na umeme, anataka kukatwa tu. Nikaelewa nusu aliyoisikia kaka kwa mtendaji. Alisikia kulipa kodi ya jengo na jengo, yale ya katikati, hakumpi mtu, yakampita. Mtu ambaye maisha yake yote hajalipa kodi hata ya choo cha stendi, sasa analipa ya nyumba yangu kwa siri.

Sijamwuliza. Nikikutana naye njiani namwamkia, ananiitikia, ananiuliza mita haijambo.

Tangu hapo tarehe moja silali sana. Alfajiri, wakala wa Mombo hajaweka hata benchi nje, mimi niko mlangoni kwake. Nanunua ya joto kwanza, kisha ya gofu, maana yule wa gesti naye ana simu na ana akili kuliko kaka. Wakala anafikicha macho, ananiambia, "Mama, wenzako wote mwezi ukianza wanakimbia luku, wewe unaikimbilia. Una kiwanda?"

"Weka namba," namwambia. "Soma kama wamekata."

"Wamekata, mama."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Namwambia anionyeshe.